Kimondo wa Tatu

Padi ya kushoto ina kitufe kinachokwama.
Nimekifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli,
na kila mteja wangu hapa Oli anajua:
kibonyeze kwa gumba, kisha omba.

Mia tano kwa dakika kumi.
Sikopeshi mtu, isipokuwa Drajuru,
na Drajuru anajua kwa nini.

Kimondo wa kwanza alifika Arua kwa basi la usiku,
diski ndani ya gazeti, gazeti ndani ya gunia la vitunguu.
Wiki nzima alinuka vitunguu.
Aliruka, ndiyo. Mikono kama milango.
Lakini mji wake ulikuwa na watu watatu tu
waliojirudia njiani: mwanamke wa koti jekundu,
mzee wa kofia, mzee wa kofia, mzee wa kofia.
Ukiangusha ghorofa, vumbi linapanda,
na kesho ghorofa imesimama, haina hata ufa.
Kaka yangu Andama, mwashi, alicheka hadi akakohoa:
"Mji huu ningekufa njaa."

Wa pili alikuwa mkubwa.
Sina sifa nyingine ya kumpa.
Mitaa mara nne, maadui kama kumbikumbi baada ya mvua,
mavazi ishirini ya kununua, na kelele
mpaka Bi Zamzamu akagonga bati kwa mpini wa ufagio.
Tulimcheza kwa mazoea,
kama mtu anayetia chumvi kabla ya kuonja.

Andama alianguka mwezi wa tatu,
kwenye jukwaa la miti, ghorofa ya tatu, nyuma ya soko.
Sisemi zaidi.
Baada ya hapo nikawawekea vijana mpira tu.

Wa tatu nilimnunua shingo upande.
Walinichosha: Dada Ayikoru, Dada Ayikoru, ametoka!
Nikatia diski, nikakaa na mikono kifuani.

Cha kwanza nilichoona: anahema.
Anaruka mnara hadi mnara, anatua,
anashika magoti, anahema.
"Wamemharibu," akasema Drajuru.
Nikamwambia, ngoja.

Mwanamke wa koti jekundu amerudi.
Koti limepauka. Siku hizi ana duka.
Vunja dirisha lake, na kesho utalikuta limezibwa mbao;
kesho kutwa kuna kioo,
na ukipita hakusalimu.

Si kwamba hana kasoro.
Mawingu ni yale yale ya wa kwanza,
na adui wa mwisho, nasikia, ni roboti tena.

Ila wale wawili walijua kushika na kutupa.
Huyu wamemfundisha kuweka chini.

Misheni ya sita: fundi ananing'inia, jukwaa limekatika.
Unamdaka. Zamani ingeishia hapo,
alama mia, tarumbeta.
Sasa ni lazima umshushe
huku umebonyeza kitufe, polepole,
ghorofa kwa ghorofa, ukuta kwa ukuta.
Ukiachia mapema, shingo yake haitasamehe.
Naye njiani anaongea. Anauliza nani atamletea
chakula chake alichokiacha huko juu.

Kitufe chenyewe ni kile.
Nilibonyeza. Kikakwama.
Tangu nikijue, ndiyo mara ya kwanza nilikishukuru.
Fundi akagusa ardhi kwa kisigino,
kisha wayo, kisha mguu mzima,
akapangusa suruali, akaenda zake.
Hakuna tarumbeta.

Wenzake wamefika misheni ya kumi na tisa,
wanabishana juu ya roboti.
Drajuru, aliyekuwa akimpandishia Andama udongo siku ile,
anakuja jioni, kucha zina saruji,
anachagua ya sita.
Akimaliza, anachagua ya sita.

Dakika kumi zikiisha
naigeuza saa, uso ukutani.